Sabufa haijaungua, tazama waya kwanza

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako. Sabufa na homthieta nyingi hupelekwa kwa fundi zikisemwa zimeungua, kumbe ukizifungua hazina kasoro. Transfoma ni nzima, spika zinasoma vizuri kwenye mita, aisii (chipu) ya kutoa sauti haijachemka wala kupasuka. Kilichoharibika ni kipande cha waya kati ya simu na sabufa, au mtu amechomeka mahali pasipostahili, au amepandisha sauti upande usiofaa. Mteja analipia kufunguliwa kwa kifaa ambacho hakikuhitaji kufunguliwa, na fundi asiye na subira anabadilisha vipuri vizima. Jambo hili linatuuma, kwa hiyo tutaeleza kwa kirefu namna ya kuunganisha simu, au kile kicheza muziki kidogo cha mfukoni, na chombo cha sebuleni.

Tuanze na pini. Pini ya eafoni yenye unene wa milimita 3.5 imegawanywa na vipete vya plastiki, mara nyingi vyeusi. Yenye vipete viwili ina sehemu tatu: ncha ya mbele hubeba sauti ya kushoto, sehemu ya kati hubeba ya kulia, na shina la nyuma ni njia ya kurudi kwa pande zote mbili, ambayo mafundi tunaiita ethi ingawa haiendi ardhini. Yenye vipete vitatu ina sehemu nne kwa kuwa imeongezewa maikrofoni ya kuongelea. Kwenye simu nyingi za sasa mpangilio wa sehemu hizo nne ni kushoto, kulia, ethi, kisha maikrofoni nyuma kabisa. Zilikuwapo simu za zamani zilizobadilishana hizo mbili za mwisho, na eafoni zake hazikubali kwenye simu za leo.

Waya wa kuunganisha simu na sabufa unatakiwa kuwa na pini ya sehemu tatu. Madukani umejaa waya wenye pini za sehemu nne pande zote mbili, na wapo wanaousifu kwamba ni bora kwa sababu una pete nyingi. Huo ndio unaoleta ugonjwa unaowachanganya watu kuliko yote: muziki unasikika lakini mwimbaji hayupo. Weka taarabu, utasikia fidla na kinanda kana kwamba vinapigwa ndani ya mtungi, besi imekonda, na yule unayetaka kumsikia amebaki mwangwi tu. Watu husema spika ya kati imekufa, hata pale ambapo sabufa yenyewe haina spika ya kati.

Sababu yake ni nyepesi kuielewa. Mwimbaji hurekodiwa katikati, yaani sauti yake inakuwa sawasawa kushoto na kulia. Ethi ikikosekana, umeme wa upande wa kushoto hauna pa kurudia ila kupitia upande wa kulia, na wa kulia vivyo hivyo kupitia kushoto. Kinachofika kwenye spika ni tofauti tu ya pande mbili. Kilicho sawa pande zote hujifuta chenyewe, na besi nayo kwa kawaida hurekodiwa katikati, ndiyo maana inaondoka pamoja na mwimbaji. Sasa tundu la sabufa lina miguso mitatu, na mguso wa ethi unakaa karibu na mlango wa tundu. Ukiingiza pini ya sehemu nne, mguso ule unalala juu ya maikrofoni badala ya ethi. Kipimo ni kuvuta pini nje milimita moja au mbili huku muziki unapiga. Mwimbaji akirudi, umepata jawabu, nenda kanunue waya wenye pini ya sehemu tatu.

Ugonjwa huohuo huja kwa njia nyingine mbili zisizohusu aina ya waya. Ya kwanza ni kava nene la simu linalozuia pini isizame yote. Vua kava ujaribu tena. Ya pili ni vumbi la mfukoni lililoshindiliwa chini ya tundu la simu mpaka likawa kama pamba ngumu. Zima simu, chukua kijiti cha meno cha mti, kokota taratibu kuelekea nje. Usitumie sindano wala pini ya nguo, kwa sababu miguso ya ndani ni vibati vyembamba na kikipinda kimoja tundu zima litabadilishwa.

Kuna waya mwingine wa kuangalia sana: ule wenye pini moja ya 3.5 upande mmoja, na upande wa pili una pini tatu za rangi, njano, nyeupe na nyekundu. Huo ulitengenezwa kwa kamera za video na deki ndogo za kubeba, ambapo njano ni ya picha. Watengenezaji hawakukubaliana sehemu ipi ya pini ibebe nini, kwa hiyo ukiutumia kwa simu sauti moja inaweza kutokea kwenye pini ya njano, na nyekundu ikabaki bubu au ikavuma. Kama ndio pekee ulio nao, jaribu kuchomeka ya njano kwenye tundu jekundu au jeupe kabla hujautupa. Mara nyingine itakubali. Ila waya sahihi ni wa pini ya 3.5 ya sehemu tatu kwenda pini mbili, nyekundu ikiwa kulia na nyeupe kushoto. Kwa baadhi ya nyaya, nyeupe imegeuzwa nyeusi, maana yake ni ileile. Urefu wa mita moja na nusu unatosha sebule nyingi. Ukihitaji kuvuka mita tano, ni heri utumie Bluetooth kuliko kuburuta waya mwembamba unaookota kila mvumo wa nyumba.

Tuje nyuma ya chombo, maana hapa ndipo watu wanapoumiza vitu. Tundu unalolitaka limeandikwa AUX, LINE IN, au kwa zile za zamani TAPE IN au CD. Yote haya hupokea sauti ya kiwango kimoja na unaweza kutumia lolote. Usichomeke simu kwenye PHONO. Tundu hilo ni la santuri. Sindano ya santuri hutoa milivoliti chache tu, kwa hiyo ndani yake kuna kikuza kinachoongeza voliti mara mia hivi, tena kinanyanyua besi na kushusha sauti nyembamba ili kurudisha kile kilichobadilishwa wakati santuri inachongwa. Simu inatoa kiasi kikubwa kuliko sindano mara nyingi sana. Matokeo ni mkoromo mtupu, besi inayosukuma spika mpaka mwisho wake, na mtu kuamini kwamba amplifaya imeharibika. Matundu yaliyoandikwa OUT, REC OUT au PRE OUT hutoa sauti, hayapokei. Simu ukiichomeka hapo hutasikia kitu. Navyo vibano vya spika, vyekundu na vyeusi, simu isiguse hata kwa majaribio: hapo hutoka voliti za kusukuma spika, na chipu ya sauti ya simu haiwezi kuzihimili.

Homthieta za deki, zile zenye spika tano na sabufa (hapa maana yake spika ya besi), mara nyingi zina matundu sita ya rangi kwa pamoja, yaliyoandikwa FL na FR (mbele kushoto na kulia), C (kati), SW (sabufa), SL na SR (pembeni kushoto na kulia). Mtu anachomeka nyeupe na nyekundu kwenye FL na FR, anapata sauti mbele tu na sabufa imenyamaza. Hakuna kilichoharibika. Matundu hayo yanataka kila spika iletewe sauti yake, na kwenye mashine nyingi hakuna kinachogawa besi kwenda sabufa. Tafuta jozi ya peke yake yenye maandishi AUX au STEREO, kisha kwa rimoti bonyeza INPUT, MODE au SOURCE mpaka kioo kiandike AUX. Sabufa nyingi zikiwashwa huanza na Bluetooth, redio au flashi, na mtu hukaa nusu saa akichezea waya kumbe mashine inasikiliza mlango mwingine.

Utaratibu wa kuunganisha ni huu, na usiubadilishe. Shusha sauti ya sabufa mpaka chini kabisa. Chomeka upande wa sabufa kwanza, kisha upande wa simu. Anzisha wimbo. Pandisha sauti ya simu, halafu ndipo uinue ya sabufa polepole. Wakati wa kuchomoa, shusha sabufa kwanza. Pini iliyo wazi ikiguswa na kidole wakati sabufa iko juu hutoa ngurumo, maana mwili wa mtu huokota umeme wa nyumba kama antena, na ngurumo hiyo moja inaweza kuchana karatasi ya spika au kuunguza koili yake.

Sauti ya simu iwe wapi? Hapa tunataka tueleweke vizuri. Simu nyingi za Android zina ngazi 15 za sauti. Weka ya 12 au 13, kisha tumia kitasa cha sabufa kwa mengineyo. Wengi hufanya kinyume: simu iko ngazi ya nne, sabufa imezungushwa mpaka mwisho, na wanalalamika kwamba sabufa ina mlio wa sss kama maji yanachemka. Kila amplifaya ina kelele yake ndogo kwenye mlango wa kuingilia, na kelele hiyo haipungui unapopunguza simu. Ukileta muziki dhaifu na kuukuza sana, unaikuza na kelele kwa kipimo kilekile. Ukileta muziki wenye nguvu ya kutosha, unaukuza kidogo na kelele inabaki chini usikoisikia. Kwa upande mwingine, tusipeleke simu mpaka ngazi ya mwisho bila kusikiliza, kwa sababu vicheza muziki vya bei nafuu hukoroma kwenye ngazi za mwisho, na mkoromo uliozaliwa kwenye simu hakuna sabufa itakayouondoa.

Zima pia vikorombwezo vya besi ndani ya simu. Kuongeza besi kwa desibeli 10 kunaidai amplifaya nguvu mara kumi kwa sauti hizo. Sabufa yenye wati 20 za kweli ikiwa inafanya kazi kwa wati 5, hapo unaidai wati 50 ambazo haina. Inakata vilele vya sauti, unasikia mkoromo, na umeme uliokatwa namna hiyo unakwenda kuunguza twita, ile spika ndogo ya juu. Kama besi haitoshi, ongeza kwenye kitasa cha besi cha sabufa yenyewe, na uongeze kwa kiasi. Hapa itupasa kusema neno juu ya namba kubwa zinazoandikwa kwenye maboksi, wati elfu kadhaa za PMPO, yaani kilele cha kufumba na kufumbua. Geuza mashine, soma kibandiko cha nyuma kinachoonyesha wati inazokula kutoka ukutani. Kama inakula wati 60, haiwezi kutoa muziki wa wati 60 kwa mfululizo, sembuse elfu, kwa kuwa sehemu ya umeme huo hupotea kama joto.

Jambo jingine la kiwango: simu ikifunguliwa sana hutoa kati ya nusu voliti na voliti moja hivi, na deki ya CD hutoa mpaka voliti 2. Ndiyo sababu ukitoka kwenye simu kwenda kwenye deki bila kushusha kitasa, nyumba nzima hushtuka. Shusha kwanza, ndipo ubadilishe.

Sasa mvumo, ambao ndio malalamiko makubwa kuliko yote. Sabufa inapovuma, usikimbilie kuifungua, chomoa kitu kimoja kimoja usikilize. Kama mvumo unaanza pale simu inapochomekwa kwenye chaja, tatizo ni chaja. Chaja hizi huukatakata umeme wa voliti 230 maelfu ya mara kwa sekunde, na kati ya upande wa ukutani na upande wa simu kuna kapasita ndogo inayopitisha umeme kidogo. Ukigusa mwili wa chuma wa simu inayochajiwa ukahisi kama sisimizi wanatembea kwenye vidole, umeme wenyewe ndio huo. Simu ikiunganishwa na sabufa kwa waya, umeme huo unapata njia kupitia ethi ya waya wa sauti, nawe unausikia. Chomoa chaja. Ikibidi simu ichajiwe wakati wa sherehe, tumia pawabenki isiyochomekwa ukutani, mvumo utaondoka.

Kama mvumo upo hata bila chaja, na sabufa imeunganishwa pia na televisheni yenye king'amuzi, chomoa waya wa antena au wa dishi nyuma ya king'amuzi. Mvumo ukinyamaza, umepata kitanzi cha ethi: umeme una njia mbili za kurudi, moja kupitia plagi za ukutani na nyingine kupitia nguzo ya dishi, na tofauti ndogo kati yake inaingia kwenye muziki kama mvumo mzito wa hezi 50 au 100. Jaribu kwanza kuchomeka televisheni, king'amuzi na sabufa kwenye ekstensheni moja. Isipotosha, yapo masanduku madogo yenye transfoma mbili ndani yake yanayowekwa katikati ya waya wa sauti, hupitisha muziki bila kuunganisha ethi. Yale ya bei ya chini sana hupunguza besi, kwa hiyo usikilize kabla ya kulipa.

Tunaomba sana jambo moja: asikate mtu mguu wa ethi, hii ya kweli inayokwenda ardhini, kwenye plagi ya pini tatu, na asiuondoe waya wake ndani ya plagi, eti kwa kuondoa mvumo. Ni kweli mvumo unaweza kuondoka. Lakini amplifaya yenye mwili wa chuma ikipata hitilafu ndani, ule waya ndio unaoifanya fyuzi ikatike. Waya huo usipokuwapo, mwili wa mashine unabaki na voliti 230 ukimsubiri mtoto. Vilevile ile tabia ya kuchokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie iachwe. Adapta ya plagi ni rahisi mno ukilinganisha na mkono wa mtu.

Ule mlio wa tit-tit-tit unaosikika kwenye spika sekunde chache kabla simu haijaita si kuharibika kwa kitu. Simu ikiwa kwenye mtandao wa 2G hutuma mawimbi kwa vipande vipande, mara 217 kwa sekunde, na waya wa sauti huyaokota. Isogeze simu mbali na waya na sabufa, au iweke kwenye hali ya ndege wakati wa kupiga muziki. Kwenye 3G na 4G mlio huo ni nadra.

Simu zisizo na tundu la eafoni zimeongeza mkanganyiko wake. Apple waliliondoa kwenye iPhone 7 mwaka 2016, na wengine wakafuata. Kwa simu za USB-C vipo vigeuzi vya aina mbili vinavyofanana kwa sura. Kimoja ni waya mtupu, kinategemea simu yenyewe itoe sauti ya kawaida kupitia tundu la chaja, na simu nyingi hazitoi. Cha pili kina chipu ndani inayogeuza sauti ya kidijitali kuwa ya kawaida, na hicho hukubali kwa simu nyingi zaidi. Dalili ya kununua kisichofaa ni kwamba ukichomeka, muziki unaendelea kutoka kwenye spika ya simu kana kwamba hujachomeka kitu. Kabla ya kukirudisha, ingia kwenye mipangilio ya simu utafute OTG (ruhusa ya simu kulisha umeme kifaa kilichochomekwa) uiwashe, kwa sababu simu za baadhi ya kampuni huizima na kigeuzi hakipati umeme.

Bluetooth haina mengi. Chagua BT kwenye sabufa, tafuta jina lake kwenye simu, ikidai namba jaribu 0000 au 1234. Sabufa isipoonekana kwenye orodha, mara nyingi imeshikwa na simu ya mtu mwingine aliyewahi kuunganisha, labda mgeni aliyekaa chumba cha pili. Azime Bluetooth yake. Tarajia umbali wa mita 10 hivi pasipo ukuta mnene. Kwa muziki ni nzuri, kwa filamu midomo itatangulia maneno, kwa kuwa sauti huchelewa sehemu ya sekunde inayoonekana kwa macho. Kwa filamu tumia waya.

Flashi nayo huitwa mbovu bure. Sabufa nyingi husoma flashi iliyopangwa kwa mtindo wa faili uitwao FAT32 pekee, na flashi kubwa kuliko GB 32 kwa kawaida hutoka kiwandani zikiwa exFAT. Ipange upya kwenye kompyuta, ukikumbuka kwamba kufanya hivyo hufuta kila kilichomo. Nyimbo ziwe MP3. Faili za M4A, FLAC, na zile za opus zinazotoka kwenye ujumbe wa sauti wa WhatsApp, sabufa nyingi huziruka kimya kimya, nawe unadhani nyimbo zimepotea. Dakika moja ya MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu MB moja, kwa hiyo flashi ya GB 4 inabeba muziki wa saa 60 na zaidi. Hakuna haja ya flashi kubwa.

Wenye amplifaya ya mlango mmoja, kama zile za misikiti, makanisa na kumbi, wasifunge waya wa kushoto na wa kulia pamoja moja kwa moja. Pande mbili za simu zitasukumana na sauti itakoroma. Weka rezista ya omu 470 mpaka 1,000 kwenye kila upande, kisha unganisha baada ya rezista. Na kwenye mixa (mashine ya kuchanganya sauti), ukichomeka pini kubwa ya sehemu tatu kutoka kwenye simu ndani ya mlango wa maikrofoni au wa mono, mwimbaji atapotea tena, kwa sababu milango hiyo imeundwa kutoa tofauti ya ncha na sehemu ya kati. Tumia waya unaogawanyika kwenda pini mbili za sehemu mbili, uzichomeke kwenye njia mbili tofauti.

Waya uliokatika unatengenezeka. Hukatika shingoni, pale unapoingia kwenye pini. Kata sentimita tano kutoka shingoni, weka pini mpya ya chuma inayofunguka. Nyuzi zenye rangi kwa kawaida ni nyekundu kwa kulia, na nyeupe, kijani au buluu kwa kushoto, na zisizo na rangi ni ethi. Nyingine zimepakwa vanishi, usipoichoma kwa pasi ya risasi, risasi haishiki, na hapo ndipo kazi nyingi za haraka hufeli baada ya wiki. Wakati wa kuchomelea, ichomeke pini kwenye tundu bovu la zamani ili plastiki ya ndani ikilainika sehemu zisihame. Ukimaliza, pima kwa mita: ncha isome na pini nyeupe, sehemu ya kati na nyekundu, shina na maganda yote mawili ya nje, na hizo tatu zisisomane kabisa zenyewe kwa zenyewe.

Kwa wauzaji, wa Kariakoo na wa mikoani, ombi letu ni dogo. Wekeni kaunta sabufa moja iliyowashwa, na mteja anayenunua waya au kigeuzi auchomeke kwenye simu yake mwenyewe, ikiwa ndani ya kava lake, apige wimbo wenye mwimbaji, asikilize kama mwimbaji yupo, kisha aupinde waya shingoni pande zote mbili huku muziki unaendelea. Haichukui dakika mbili. Nanyi waagizaji, bandikeni nyuma ya mashine karatasi ya Kiswahili inayosema tundu lipi ni la simu, lipi ni la deki na lipi lisiguswe.

Wenu,
Mafundi wa redio na amplifaya,
Dar es Salaam